Kujitoa katika Masomo ya Nje ya Nchi na Kudai Marejesho ya Ada



Familia nyingi hapa nchini hujinyima ili kumpeleka kijana kusoma ng'ambo. Wapo wanaouza kiwanja au mifugo, wapo wanaokopa katika chama cha akiba na mikopo, na wapo wanaochangisha ukoo mzima. Hata hivyo safari hiyo huweza kukatika kabla haijafika mwisho: viza hukataliwa, mwanafunzi huugua, mlezi hufariki, au hugundulika kwamba kozi iliyoahidiwa siyo inayofundishwa. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo familia haikujiandaa nalo: je, fedha iliyokwisha kulipwa itarudi?

Somo hili linafundisha mambo mawili. La kwanza, fedha uliyolipa si fungu moja, bali ni mafungu kadhaa yaliyo mikononi mwa watu tofauti, na kila fungu lina kanuni zake. La pili, kiasi kitakachorudi hutegemea zaidi tarehe uliyojitoa kwa maandishi kuliko uzito wa sababu yako. Mwenye kuyaelewa mambo haya mawili mapema huokoa sehemu kubwa ya fedha yake.

1. Fedha yako iko mikononi mwa nani?

Kabla ya kudai chochote, chukua karatasi uorodheshe kila malipo uliyofanya, tarehe yake, na aliyeyapokea. Kwa kawaida utapata mafungu yafuatayo.

Ada ya maombi. Hii hulipwa ili chuo kipitie maombi yako. Kazi hiyo ikishafanyika, fedha hii kwa kawaida hairudi.

Ada ya masomo na amana ya kushikilia nafasi. Hili ndilo fungu kubwa, na linaongozwa na kanuni za marejesho za chuo chenyewe pamoja na sheria za nchi kilipo. Vyuo vingi hurejesha ada mwanafunzi anapokataliwa viza, baada ya kukata gharama za ushughulikiaji, mradi hati ya kukataliwa iwasilishwe. Mwanafunzi aliyewasilisha nyaraka za kughushi katika maombi ya viza asitarajie nafuu hiyo.

Malipo ya viza na ya serikali ya nchi unakokwenda. Haya hutofautiana sana. Marekani hutoza dola 350 kumwandikisha mwanafunzi wa chuo katika mfumo wake wa kumbukumbu za wanafunzi wa kigeni, na fedha hiyo hairudishwi hata viza ikikataliwa. Hata hivyo, mwombaji aliyekataliwa akiomba tena viza ya aina ileile ndani ya miezi 12 halazimiki kuilipa upya. Uingereza humtoza mwanafunzi tozo ya huduma za afya, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Tozo hiyo hurejeshwa maombi yakikataliwa, au mwombaji akiyaondoa kabla ya uamuzi kutolewa. Ada ya viza yenyewe hairudi maombi yakikataliwa. Hurudi tu kwa aliyeondoa maombi kabla ya kuchukuliwa alama za vidole na picha. Anayesitasita, basi, na aamue kabla ya siku ya kwenda kutoa alama za vidole.

Fedha ya kujikimu. Ujerumani humtaka mwanafunzi aweke katika akaunti maalumu iliyozuiwa kiasi cha kumtosha mwaka mzima, ambacho tangu Septemba 2024 ni euro 11,904. Fedha hiyo ni mali yako, wala si malipo kwa mtu yeyote. Usipokwenda, hufunguliwa na kurudishwa kwako kwa uthibitisho kwamba viza imekataliwa au haihitajiki tena, ila gharama za kufungua akaunti hubaki kwa mtoa huduma.

Tiketi, bima na malazi. Soma masharti ya kila kimoja. Tiketi iliyoandikwa kwamba nauli yake hairudi bado huweza kuwa na kodi na tozo za viwanja zinazodaika kwa safari isiyofanyika. Liulize shirika la ndege.

Malipo ya wakala. Haya tutayaeleza peke yake katika sehemu ya tatu.

2. Tarehe ndiyo inayoamua

Tuchukue India, nchi inayopokea wanafunzi wengi kutoka Afrika Mashariki. Mwaka 2018 Tume ya Ruzuku ya Vyuo Vikuu ya nchi hiyo ilitoa kanuni za marejesho zenye ngazi tano. Ngazi hizo huhesabiwa kutoka tarehe ya mwisho ya udahili iliyotangazwa rasmi:

a) Ukijitoa siku 15 au zaidi kabla ya tarehe hiyo, unarejeshewa asilimia 100, ukiondoa gharama za ushughulikiaji zisizozidi asilimia 5 ya ada, wala zisizozidi rupia 5,000.
b) Ukijitoa zikiwa zimebaki siku chini ya 15, asilimia 90.
c) Ukijitoa ndani ya siku 15 baada ya tarehe hiyo, asilimia 80.
d) Ukijitoa baada ya siku 15 lakini ndani ya siku 30, asilimia 50.
e) Zikipita siku 30, hurejeshewi ada.

Kanuni hizo zinaelekeza pia kwamba marejesho yafanyike ndani ya siku 15 tangu chuo kipokee maombi ya maandishi, na kwamba chuo kisizuie vyeti halisi vya mwanafunzi. Katika baadhi ya miaka iliyofuata, Tume hiyo ilitoa masharti mepesi zaidi kwa mwanafunzi. Kwa hiyo, ukitaka kujitoa, kiulize chuo kwa maandishi ni tangazo gani linalotumika kwa mwaka wako wa udahili.

Sasa tufanye hesabu kwa mfano wa kufikirika. Baba mmoja wa Morogoro amemlipia binti yake rupia 200,000 za ada ya mwaka wa kwanza. Tarehe ya mwisho ya udahili ni 31 Agosti. Mapema mwezi huo binti anaugua, na daktari anashauri asisafiri.

Baba akiandika tarehe 10 Agosti, zimebaki siku 21. Chuo kinakata rupia 5,000, naye anarejeshewa rupia 195,000. Akiandika tarehe 25 Agosti, anapata 180,000. Akiandika tarehe 12 Septemba, anapata 160,000. Akiandika tarehe 28 Septemba, anapata 100,000. Akiandika tarehe 5 Oktoba, hapati kitu.

Tuseme kwamba tarehe 10 Agosti baba huyo alimpigia simu wakala, akajibiwa asubiri, suala lake linashughulikiwa. Akasubiri kwa imani, na barua haikuandikwa mpaka tarehe 28 Septemba. Ugonjwa wa binti ni uleule, na cheti cha daktari ni kilekile. Rupia 95,000 zimepotea kwa sababu mazungumzo ya simu hayakuwa maombi ya maandishi, na wakala hakuwa chuo.

Nchi nyingine zina ngazi na tarehe zake, lakini funzo halibadiliki. Siku unapoanza kuwa na shaka, tafuta kanuni za marejesho za chuo, uzisome, na uweke alama kwenye kalenda.

3. Wakala na fedha yako

Wakala wa udahili anaweza kupokea fedha za aina mbili, na ni muhimu zisichanganywe. Ya kwanza ni malipo ya huduma yake: ushauri, ujazaji wa fomu, maandalizi ya viza. Huduma iliyotolewa kwa uaminifu inastahili malipo yake hata kama safari haikufanyika. Huduma isiyotolewa ni jambo jingine, na unayo haki ya kuhoji kwa nini ilipiwe.

Aina ya pili ni ada ya chuo iliyopitia kwa wakala. Hii si fedha yake. Tunashauri ada ya chuo ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya benki ya chuo, kwa jina la mwanafunzi. Zaidi ya hatari ya wizi, ipo sababu ambayo wengi hawaijui: vyuo vingi hurejesha fedha katika akaunti ileile iliyozituma. Ikiwa wakala alituma ada kutoka akaunti yake, chuo kinaweza kutimiza wajibu wake kikamilifu huku marejesho yakiishia kwa wakala, na wewe ukibaki kulilalamikia chuo ambacho hakina kosa. Yakikukuta hayo, omba chuo kikupe uthibitisho wa tarehe, kiasi na akaunti iliyopokea marejesho, kisha mdai wakala ukiwa na uthibitisho huo mkononi.

Stakabadhi nyingi hugongwa muhuri wa maneno "fedha ikishalipwa hairudishwi". Maneno hayo hayamlindi aliyepata fedha kwa hadaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo ndiyo msingi wa kazi yetu ya kumlinda mlaji, inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyeingia mkataba kwa kudanganywa haki ya kuubatilisha. Wakala aliyekueleza kwamba chuo kinatambuliwa ilhali hakitambuliwi, au kwamba umepata ufadhili ambao haupo, hawezi kujificha nyuma ya muhuri.

4. Kabla hujajitoa

Jiulize kama unahitaji kujitoa au kuahirisha tu. Vyuo vingi humruhusu mwanafunzi kusogeza udahili hadi muhula au mwaka unaofuata, na ada iliyolipwa ikahesabiwa huko. Kwa aliyeugua na anayetarajia kupona, njia hiyo huenda ikamfaa kuliko marejesho yaliyokatwa. Uliza, lakini usiache swali hilo likupitishe tarehe ya marejesho.

Ikiwa umekwisha kuanza masomo, usiondoke kimyakimya. Jitoe rasmi, omba taarifa ya matokeo ya mitihani uliyofanya ili chuo kingine kiweze kuyazingatia, na kusanya vyeti vyako halisi. Kumbuka pia kwamba viza ya mwanafunzi hutegemea masomo. Zungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ujue una siku ngapi za kuondoka nchini humo kihalali.

5. Namna ya kuandika

Barua ya kujitoa iwe fupi, itaje kiasi na tarehe, na iende kwa chuo chenyewe kwa baruapepe, nakala kwa wakala. Tunatoa kielelezo:

"Mimi (jina kamili), mwenye namba ya udahili (namba), najitoa katika kozi ya (jina la kozi) kuanzia leo, tarehe (tarehe), kwa sababu ya (sababu). Nililipa (kiasi) tarehe (tarehe) kwa njia ya benki. Naomba nirejeshewe fedha hiyo kwa mujibu wa kanuni za marejesho za chuo, katika akaunti ifuatayo. Naomba pia mthibitishe kwa maandishi kwamba mmepokea barua hii, na mnieleze kiasi kitakachorejeshwa na tarehe ya malipo."

Ambatisha barua ya udahili, stakabadhi za benki, na ushahidi wa sababu yako: cheti cha daktari, hati ya kukataliwa viza au cheti cha kifo. Barua ya chuo kigeni iandikwe kwa lugha ya chuo hicho. Usisubiri viambatisho vyote vikamilike ndipo uandike. Andika leo, useme kwamba vilivyosalia vitafuata. Mali bila daftari hupotea bila habari: tunza nakala ya kila kitu, pamoja na jumbe za simu za wakala.

6. Ukikataliwa au usipojibiwa

Anza na utaratibu wa malalamiko wa chuo, kisha mamlaka inayosimamia vyuo katika nchi hiyo. Tuseme kweli: mamlaka yetu hayavuki mipaka kukilazimisha chuo cha ng'ambo kulipa. Lakini wakala anayefanya biashara Tanzania yuko chini ya sheria za Tanzania. Lete malalamiko yako katika ofisi zetu ukiwa na mkataba, stakabadhi na mawasiliano. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania nayo ipewe taarifa, kwani ndiyo inayosimamia mawakala wa udahili wa vyuo vya nje. Palipo na vyeti vya kughushi au fedha iliyoibwa, nenda polisi. Mahakama ipo pia: madai yanayotokana na mkataba yana muda wa miaka 6, ingawa ushahidi hufifia mapema zaidi.

Maswali ya kujipima

Kabla hujalipa ada yoyote ya masomo ya nje, hakikisha unaweza kujibu maswali haya:

1. Je, nimesoma kanuni za marejesho za chuo, na ninayo nakala yake?
2. Tarehe ya mwisho ya kurejeshewa ada yote, au karibu yote, ni ipi?
3. Fedha hii inaingia katika akaunti ya nani, na ikirudi itarudi kwa nani?
4. Wakala ananitoza nini kwa huduma yake, na ameandika hivyo katika mkataba?
5. Viza ikikataliwa, nitapoteza kiasi gani kwa hakika?

Asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo asilipe bado. Nafasi ya chuo huweza kuombwa tena mwakani, lakini kiwanja kikishauzwa ni vigumu kukirudisha.