Ukweli wa Wagosi wa Kaya na Amri ya Nane



Mada ya leo ni Amri ya Nane, na mwalimu msaidizi wetu ni hip hop. Msishangae, twendeni taratibu.

Hip hop ilizaliwa Bronx, New York, mwaka 1973, kwenye sherehe za vijana wa mtaani. Kwetu ilianza kwa kuiga: mwaka 1991 Saleh Jabir alichukua mdundo wa Vanilla Ice akauwekea maneno ya Kiswahili. Miaka kama kumi baadaye, vijana wawili wa Tanga, Mkoloni na Dokta John, hawakuwa na haja ya kuiga Wamarekani. Walijiita Wagosi wa Kaya. Huku kwetu mgosi ni mwanamume, na kaya ni nyumbani. Albamu yao moja inaitwa *Ukweli Mtupu*. Katika "Tanga Kunani" wanauliza mji wao umepatwa na nini. Katika "Trafiki" wanaisema rushwa ya barabarani. Katika "Wauguzi" wanalalamikia lugha na huduma mbaya wanazokutana nazo wagonjwa hospitalini.

Swali letu ni hili: kusema hivyo ni unabii au ni kuchafua majina ya watu?

Kwanza: anayekosoa ni wa nyumbani

Someni 2 Sam 12:1-14. Nabii Nathani hakumsema Daudi pembeni. Alimwendea mwenyewe, akampa kisa cha tajiri aliyempora maskini mwanakondoo wake wa pekee, mpaka mfalme akajihukumu kwa kinywa chake. Nathani alimtaka Daudi atubu, hakutaka aanguke. Ndivyo ninavyousikia wimbo wa "Tanga Kunani". Anayeuliza nyumbani kuna nini bado anapaita nyumbani. Anayefurahia kuona pameharibika yeye hana swali, ana kicheko tu.

Pili: si kila kosa ni la faragha

Mt 18:15 Yesu anatuagiza tumwonye ndugu tukiwa naye peke yake kwanza. Je, wimbo wa redioni umevunja agizo hilo? Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia (Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 33). Kumwonya ndugu, anasema, ni tendo la upendo. Kosa la siri lianzie sirini, lakini kosa la hadharani laweza kukemewa hadharani, kwa sababu wanaoliona nao wanahitaji dawa. Hata mdogo anaweza kumwonya mkubwa, ila kwa heshima. Noti inayopitishwa dirishani mbele ya abiria wote wa daladala si siri ya mtu. Kuisema si umbea.

Tatu: kosa lina mwenyewe

Hapa ndipo pagumu. Tulipoujadili wimbo wa "Wauguzi" na vijana huku Amani, dada mmoja anayesomea uuguzi aliuliza: "Sasa frateri, yule nesi aliyekesha na mgonjwa peke yake, wimbo ukiisha anabaki na jina gani?" Kikao kizima kilinyamaza.

Kiukweli, swali lake lina uzito. Ukiifahamu barabara ya kutoka huku milimani kushuka Muheza, hasa wakati wa mvua, unajua nesi wa zahanati ni nani kwa mama mwenye uchungu saa nane usiku. Lakini na mama aliyetukanwa akiwa kwenye uchungu huohuo, nani atamsemea? Wimbo ulimsemea. Ulichagua kutomtaja mtu, na hilo ni jema. Lakini neno "wauguzi" ni la wingi, na kivuli chake kinamfunika hata asiye na kosa.

Katekisimu (KKK 2477) inatofautisha makosa matatu: kumhukumu mtu bila msingi wa kutosha, kutangaza kasoro yake kwa wasioijua pasipo sababu ya haki, na kumsingizia uongo. Angalieni la pili: jambo linaweza kuwa kweli kabisa na bado kulitangaza kukawa dhambi. Kwa hiyo ile hoja yetu ya "mbona nimesema kweli tu" haitoshi. Paulo anataka kweli iende pamoja na upendo (Efe 4:15). Ukweli mtupu tunauhitaji, ila Mkristo hauachi uende peke yake.

Na sisi je? Wagosi walitaja kosa, hawakutaja mtu. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp tunataja mtu, tunaweka na picha yake, halafu kosa lenyewe hatuna uhakika nalo.

Maswali ya kujadili

1. Kabla ya kuposti lawama, umeshaongea na mhusika? Kama hujaongea naye, kwa nini?
2. Unayemkosoa, unataka apone au aaibike?
3. Je, kuna ovu la wazi mtaani kwenu ambalo mmelinyamazia kwa woga, mkauita unyamavu huo upole?

Tendo la wiki: mtembelee au mpigie simu muuguzi mmoja unayemfahamu, umshukuru. Na kama una lalamiko la haki kuhusu huduma, lipeleke kwa anayeweza kulirekebisha.

Tusali: Ee Bwana, utupe ujasiri wa Nathani tusinyamazie dhuluma, na utulinde ndimi zetu zisimwue ndugu kwa jina la ukweli. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.