SOMO: Maneno yanayoleta wasomaji, bila kuuza amani

Mashirika mengi madogo ya amani yana tovuti, lakini kila mwaka yanahangaika kupata pesa za kuilipia. Baadhi yanaweka matangazo ya Google AdSense, mpango ulioanza mwaka 2003. Kisha wanashangaa: miezi inapita na hakuna kinachoingia. Katika somo hili tutajifunza kutumia vyombo vya bure vya kuchunguza maneno ambayo watu wanatafuta. Tutaona pia hatari moja ambayo mtu wa amani hawezi kuifumbia macho.

1. Pesa inatoka wapi?

Mtangazaji analipa Google, nayo Google inamgawia mwenye tovuti. Zamani malipo yalihesabiwa hasa kwa kila mtu aliyebofya tangazo. Tangu mwaka 2024 yanahesabiwa kwa mara ambazo tangazo limeonyeshwa. Kwa hesabu za dola, hutumiwi kitu kabla ya kufikisha dola 100. Kwa hiyo bila wasomaji hakuna mapato. Tena msisahau: kubofya matangazo yenu wenyewe, au kuwaomba ndugu wabofye, ni kuvunja kanuni, na hesabu yenu inaweza kufungwa.

Wasomaji wengi wanafika kwa kutafuta. Mtu anaandika maneno machache kwenye simu na kuchagua jibu. Ikiwa maneno yake hayafanani na yenu, atapita mbali.

2. Vyombo vinne vya bure

a) Kisanduku cha Google chenyewe. Andika neno bila kumaliza, nacho kitakuletea mapendekezo. Hayo yanatokana na yale ambayo watu wengine wametafuta.

b) Google Trends, iliyoanza mwaka 2006. Inalinganisha maneno kwa nchi na kwa muda. Namba zake ni 0 hadi 100. Hapa 100 si watu mia moja, bali ni kilele cha utafutaji katika muda uliochagua. Watafutaji wakiwa wachache, haionyeshi kitu. Ikiwa hivyo kwa Kiswahili hapa Kongo, jaribu Tanzania au Kenya, kisha jiulize kama watu wa kwetu wanasema vilevile.

c) Keyword Planner, iliyo ndani ya Google Ads. Inahitaji ufungue hesabu, lakini si lazima ununue tangazo. Asiyenunua anapewa makadirio mapana, kama vile 100 hadi 1,000 kwa mwezi. "Ushindani" unaoonyeshwa ni wa watangazaji, na bei ni zile wanazolipa wao. Si mshahara wenu.

d) Search Console. Inaonyesha maneno yaliyokwisha kuleta watu kwenye tovuti yenu katika miezi 16 iliyopita. Anzeni hapa ikiwa tovuti yenu si mpya.

3. Mfano

Tuseme kuna chama kinachopatanisha wakulima katika Masisi. Kimeandika ukurasa wenye kichwa "Uimarishaji wa mshikamano wa kijamii kupitia kilimo". Hakuna mama anayeandika maneno hayo kwenye simu yake. Yeye ameona shamba linaharibika, anaandika: "migomba inakauka".

Mnyauko wa migomba ulionekana kwanza nchini kwetu huko Masisi mwaka 2001. Basi chama kiandike ukurasa kwa kichwa hiki: "Migomba inakauka: namna ya kutambua mnyauko na kuuzuia". Ukurasa ueleze dalili: majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na shina likikatwa linatoa usaha wa njano. Ueleze la kufanya: kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, kukata shina lenye ugonjwa, na kusafisha panga kwa moto au maji ya javeli. Mwishoni uongeze kwamba panga la kuazimana hubeba ugonjwa kutoka shamba hadi shamba, kwa hiyo majirani wasiosemezana hawataushinda. Hapo ujumbe wa amani umefika kwa mtu aliyekuja kutafuta dawa ya migomba.

4. Hatari

Risasi zinapolia, watu hutafuta majina ya makundi yenye silaha, ya makabila, na habari za waliokufa. Vyombo vinaonyesha maneno hayo yakipanda, na kishawishi ni kuandika kichwa cha kutisha ili kuvuna wasomaji.

Mwaka 2016, katika mji wa Veles, katika nchi ambayo leo ni Macedonia ya Kaskazini, vijana waliendesha tovuti zaidi ya 100 kuhusu uchaguzi wa Marekani. Nyingi zilikuwa na habari za uongo. Wengi wao hawakujali nani atashinda. Walifuata yale yanayoleta pesa ya matangazo. Kwetu, ambapo watu wanakimbia kijiji kwa sababu ya uvumi, mchezo huo unamwaga damu. Tena kanuni za AdSense zinakataza matangazo kwenye maandishi yanayochochea chuki.

Kabla ya kutumia neno lolote, tujiulize:
- Je, ukurasa wetu unalijibu kweli swali la mtafutaji?
- Je, habari hii tumeihakikisha?
- Je, jirani wa kabila lingine akisoma kichwa hiki, atajiona amealikwa au ameshitakiwa?

Jibu likiwa baya, tuliache neno hilo, hata likiwa na wasomaji wengi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Watu wa mtaa wenu wanauliza nini zaidi mwezi huu? Andikeni maswali matano kwa maneno yao wenyewe.
2. Ni kichwa kipi cha tovuti yenu ambacho hakuna mtu angekitafuta? Kibadilisheni leo.
3. Ni neno gani lingewaletea pesa, lakini mmekubaliana kutoligusa? Kwa nini?