Mvua ya Kaliua Inakwenda Wapi?



Katika somo hili tutasoma habari za maji. Tutasoma pia sheria za maji, kwa sababu sheria hizo zinakuhusu wewe na kijiji chako.

Wilaya ya Kaliua imo katika Mkoa wa Tabora. Mvua huanza kunyesha mwezi wa Novemba na kwisha mwezi wa Aprili. Kuanzia Mei mpaka Oktoba ni kiangazi. Katika mwaka wa kawaida, sehemu za Tabora hupata mvua ya milimita 900 hivi. Hiyo si mvua kidogo. Dodoma hupata milimita 600 hivi tu.

Hata hivyo, ikifika Septemba, visima vifupi hukauka. Akina mama huamka usiku kwenda kungoja maji yachuruzike. Wenye ng'ombe na wenye mashamba hugombana kisimani. Watoto huchelewa shuleni wakitafuta ndoo moja ya maji.

Basi tujiulize: mvua ile yote imekwenda wapi?

Safari ya maji

Maji ya mvua yasipoingia ardhini hukimbia. Hupita katika mbuga na vijito, kisha huingia katika mito kama Igombe na Ugalla. Mito hiyo humwaga maji katika Mto Malagarasi. Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwani, maji hutoka kwa Mto Lukuga, hufika Mto Kongo, na mwisho huingia Bahari ya Atlantiki.

Kwa hiyo maji ya Kaliua si ya Kaliua peke yake. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mwaka 2003 nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa kulitunza ziwa hilo pamoja. Mkataba ulitiwa sahihi Dar es Salaam. Nayo ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi iliandikwa mwaka 2000 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zenye thamani kubwa. Ilikuwa ya kwanza kuandikwa kutoka Tanzania.

Udongo ukichukuliwa na maji kutoka shambani kwako, huenda kujaza mto na ziwa. Jirani wa mbali hupata hasara, nawe umepoteza udongo wako.

Watu hukaa penye maji

Zamani misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora mpaka Ujiji. Wapagazi walibeba mizigo mizito. Walipiga kambi penye maji, kwa sababu pasipo maji msafara haukuweza kulala. Baadaye ikaja reli. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Magari moshi ya siku zile nayo yalihitaji maji njiani.

Tuna fundisho jingine la karibu zaidi, nalo ni Ulyankulu. Mwaka 1972 watu wengi walikimbia mauaji nchini Burundi. Serikali ya Tanzania iliwapokea, na wengi waliwekwa Ulyankulu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kaliua. Walifyeka pori, wakalima, wakaongezeka. Baada ya miaka michache ilionekana kwamba ardhi na maji ya hapo havitoshi kwa watu wote wale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu yao walihamishiwa Mishamo, upande wa Mpanda. Walianza upya kufyeka na kujenga.

Watu wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wakulima hodari. Lakini ardhi ina kipimo chake. Siku hizi hakuna pori tupu la kuhamia kila maji yanapokwisha. Yatupasa kuyatunza yaliyopo.

Miti na maji

Fanyeni jaribio hili darasani. Chukueni makopo mawili makubwa. Toboeni matundu madogo chini ya kila kopo, kisha jazeni udongo karibu na ukingo. Kopo la kwanza lifunikeni kwa majani makavu. La pili liacheni wazi. Yainamisheni kidogo, halafu mwagieni maji polepole kama mvua. Tazameni maji yanayotiririka juu. Ni kopo lipi linatoa maji yenye tope?

Ndivyo ilivyo porini. Majani yaliyoanguka chini ya miyombo hupunguza mbio za mvua. Maji hupata nafasi ya kuzama. Maji yaliyozama ndiyo yanayolisha kisima wakati wa kiangazi. Ardhi iliyo wazi hupigwa na mvua, ikawa ngumu, na maji hukimbia.

Tumbaku huwapa wakulima wengi fedha za ada na bati. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa kuni ndani ya bani. Kila msimu miti mingi hukatwa. Mkulima mwenye busara hupanda miti yake ya kuni, na hujenga bani linalotumia kuni kidogo. Lakini angalia: mikaratusi hunywa maji mengi. Usiipande karibu na kisima, chemchemi au mto. Panda mbali.

Mizinga ya nyuki nayo husaidia. Mtu anayepata asali kutoka porini ana sababu ya kulilinda pori hilo.

Sheria zinasema nini?

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Mwaka 1991 ulifika na shabaha haikutimia. Mitambo mingi iliharibika, ikakosa mafuta na vipuri. Wanavijiji wengi waliiona kuwa ni mali ya serikali. Pampu ikifa, walingoja serikali ije.

Kwa hiyo Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilisema kwamba watumiaji washiriki kupanga, kusimamia na kuchangia gharama za kuendesha mradi wao. Sera hiyo iliweka kipimo cha lita 25 kwa kila mtu kwa siku, na kituo kimoja cha maji kwa watu 250.

Sheria nyingine ni hizi:

1. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ukingo, katika mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni kama hatua ndefu 60 za mtu mzima.

2. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inasema maji yote ni mali ya umma. Kuteka maji ya nyumbani hakuhitaji kibali. Lakini anayetaka maji mengi ya kumwagilia shamba kubwa au ya kiwanda lazima apate kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde. Bonde letu ni la Ziwa Tanganyika.

3. Sheria ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA. Wakala huo hufanya kazi pamoja na vyombo vya watumia maji vya wananchi wenyewe.

Kijiji nacho kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Wananchi huijadili katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya ikubaliwe. Sheria ndogo inaweza kusema mifugo inywe kwenye lambo au birika, si kisimani. Usipohudhuria mkutano, wengine watakuamulia.

Hesabu ya paa

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa la bati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 ni mita mraba 40. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, paa hilo hupokea lita 36,000. Mengine hupotea, lakini mengi yangeweza kukingwa kwa mfereji wa bati.

Tuseme una tangi la lita 5,000, nalo limejaa mwisho wa Aprili. Nyumbani mko watu 6, na mnatumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu. Gawanya 5,000 kwa 30. Utapata siku 166, yaani zaidi ya miezi mitano. Kiangazi kinakaribia kwisha! Kama tangi ni ghali kwa mtu mmoja, anzeni na shule au zahanati. Haba na haba hujaza kibaba.

Tukumbuke

Mvua ya Kaliua inatosha kutusaidia, lakini haitungoji. Tusipoipa nafasi ya kuzama na mahali pa kuwekwa, inakwenda zake Atlantiki, na sisi tunabaki tukigombana kisimani mwezi wa Septemba.

Maneno mapya

*Ardhi oevu*: ardhi inayokaa na maji muda mrefu, kama mabwawa na matope ya mtoni.
*Kibali*: ruhusa iliyoandikwa.
*Bonde la mto*: nchi yote ambayo maji yake huingia katika mto au ziwa moja.

Maswali ya kujadili

1. Taja mito ambayo maji ya Kaliua hupitia kabla ya kufika Ziwa Tanganyika.
2. Kwa nini watu wengi walihamishwa kutoka Ulyankulu?
3. Familia yenu ina watu wangapi? Kila mtu akipata lita 25, mnahitaji ndoo ngapi za lita 20 kwa siku?
4. Pimeni kwa hatua kutoka ukingo wa mto wenu. Je, mita 60 zimeachwa? Kama hazikuachwa, mtasema nini katika mkutano ujao wa kijiji?