Kabla Hujamkabidhi Mpambaji Funguo: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Wahenga walisema chema chajiuza. Kusini mwa Seattle, ambako wengi wetu tumenunua na kuuza, nyumba haijiuzi. Kazi ya kupamba nyumba zinazouzwa ilizaliwa katika jimbo hilihili la Washington. Barb Schwarz, aliyekuwa wakala wa nyumba, ndiye anayetajwa kuianzisha mwaka 1972. Lakini serikali haidai leseni kwa kazi hii, na mwenye gari la mizigo na mito minane anaweza kujiita mpambaji kesho asubuhi. Atakayempima ni wewe.

Taka picha za kabla na baada, za nyumba alizozipamba kwa mikono yake, zenye ukubwa na bei inayokaribiana na yako. Kisha nenda ukaione mojawapo siku inapofunguliwa kwa wanunuzi. Keti kwenye kochi. Kagua zulia.

Usipokee bei ya kwenye simu kutoka kwa mtu ambaye hajaingia ndani ya nyumba yako.

Usimchukue kwa sababu wakala wako amemtaja. Muulize wakala waziwazi kama kuna chochote wanachogawana. Na kusali na mpambaji msikiti mmoja au kanisa moja si sifa ya kazi.

Soma mkataba wote, hasa muda. Malipo ya kwanza huhusu kipindi maalumu, mara nyingi mwezi mmoja au miwili, kisha kodi ya samani inaanza kuhesabiwa upya. Mimi sikusoma. Mnunuzi wa kwanza alinyimwa mkopo, nyumba ikarudi sokoni, na nikatozwa mwezi mzima kwa siku tisa za ziada. Mkataba ulisema hivyo na saini ilikuwa yangu. Wako useme pia nani analipa mgeni akimwaga kahawa kwenye kochi, samani zinaondoka lini, na nani anaziba matundu ya misumari.

Dai hati ya bima ya mpambaji kabla mbebaji wa kwanza hajavuka kizingiti. Ukishahama, piga simu kwa kampuni ya bima yako mwenyewe. Bima nyingi za nyumba hupunguza ulinzi nyumba ikikaa bila watu siku 30 au 60, na viti vya kukodi havihesabiwi kuwa wakazi. Bomba likipasuka wiki ya tisa, hasara yaweza kuwa yako yote.

Mpambaji akikuambia uondoe picha za familia, ziondoe. Najua inauma. Familia za watu weusi nchini Marekani zimesimulia jinsi nyumba zao zilivyothaminiwa bei ya chini picha zikiwa ukutani, na ya juu zaidi zilipoondolewa. Dhuluma hiyo hukuitengeneza wewe, na kuuza nyumba ni wakati mbaya wa kuipima kwa fedha za watoto wako. Lakini msahafu, Biblia ya bibi na kanga za marehemu mama, vifungashe kwa mikono yako. Usimwachie mtu asiyejua thamani yake.

Acha udi, ubani na samaki wa kukaanga wiki moja kabla ya kufungua milango. Osha mapazia. Mpambaji mzuri atakuambia hili usoni, naye anayeogopa kukuudhi hakufai.

Usimruhusu kamwe afiche ubovu. Zulia juu ya mbao zilizooza au kabati mbele ya ukuta wenye unyevu ni kumuuzia mtu mbuzi kwenye gunia. Katika jimbo hili muuzaji hujaza fomu ya kueleza anachokijua kuhusu nyumba, na kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 sheria ya nchi nzima inamtaka aseme anachojua kuhusu rangi yenye risasi. Picha iliyojazwa samani kwa kompyuta nayo iandikwe hivyo. Mpambaji anayekuambia "hawataona" mwonyeshe mlango.

Mpiga picha aje baada ya samani kupangwa, si kabla, kwa kuwa wengi wataiona nyumba kwanza kwenye simu.

Mpe mpambaji ufunguo mmoja tu, andika tarehe, na siku anapokuja kubeba vitu vyake uwepo.