Kosa la Paralaksi na Picha ya Shamba la Guka

Mwaka huu mhariri ameniomba niandike somo la ufundi badala ya shairi. Nimechagua jambo lililonifedhehesha nyumbani kwetu, yaani kupiga picha pana ya mandhari kwa kamera iliyowekwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi nilikosa mara moja, nikafundishwa, na sasa nawafundisha ninyi.

Kisa chenyewe

Guka alipoaga dunia alituachia shamba huko Tetu, nje kidogo ya mji wa Nyeri. Baba na ndugu zake wawili walikubaliana ligawanywe likizo ya Agosti. Kabla ya seng'enge kuwekwa, cucu alitaka kitu kimoja tu: picha ya shamba likiwa bado zima, kuanzia misitu ya Nyandarua upande wa kushoto, kupitia majani chai na zizi la ng'ombe, hadi Kirinyaga upande wa kulia. "Niitundike sebuleni," akasema, "niwe nikiona vile mzee alivyoliacha."

Mjomba wangu hupiga picha za harusi Karatina na Nyeri mjini. Aliniazima kamera na stendi kwa siku mbili. Nilisimamisha stendi karibu na mpaka, pale wazee walipopanda maua ya itoka. Mbele yangu, kama mita mbili hivi, kulikuwa na chuma cha mpaka, chembamba kama kidole, kinachonifika kiunoni. Nikazungusha kamera kutoka kushoto hadi kulia, nikapiga picha saba, kisha nikaenda kuziunganisha kwa kompyuta ya saiba.

Lo! Mlima ulitokea vizuri sana. Nyandarua ilitokea vizuri sana. Lakini chuma cha mpaka kilitokea mara mbili, kimoja kando ya kingine, na mstari wa itoka ulikuwa umevunjika katikati.

Baba mdogo alipoiona picha akauliza, "Kwani vyuma ni viwili? Kipi ndicho cha mzee?" Baba mkubwa akasema ni kile cha kushoto. Baba mdogo akasema ni cha kulia, ati kamera haidanganyi. Mara ya kwanza walicheka. Mara ya pili hawakucheka. Chuma chenyewe kilikuwa nje pale, kimoja tu, lakini neno lilikuwa limeshatoka kwamba huenda kiliwahi kuhamishwa usiku. Cucu aliinuka akaenda jikoni bila kusema kitu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Paralaksi ni nini?

Jumatatu nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia ile picha. Alicheka, akaniambia, "Hili ni lile kosa la Kidato cha Kwanza." Kumbe! Mnakumbuka tulivyofundishwa kusoma rula na silinda ya kupimia? Ukisoma ukiwa umeinamia upande mmoja, alama inahama na jibu linakuwa si sahihi. Hiyo ndiyo paralaksi. Ni kule kuhama kwa kitu cha karibu mbele ya kitu cha mbali wakati jicho linapobadilisha mahali.

Jaribu sasa hivi. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba, fumba jicho la kushoto, kisha badilisha ufumbe la kulia. Kidole kinaruka ukutani, na hali hukukisogeza. Kilichobadilika ni mahali pa kutazamia.

Sisi wakazi wa miji ya mlima tunaijua paralaksi tangu utotoni bila kujua jina lake. Binamu yangu wa Meru akichora Mlima Kenya, mimi humwambia amekosea. Sisi tukiwa Nyeri tunakiona kilele cha Lenana, chenye mita 4,985, kikiwa kulia kwa Batian na Nelion. Yeye akiwa Meru anakiona kushoto. Vilele havikuhama. Ni sisi tumesimama pande mbili tofauti za mlima.

Kwa nini kamera hukosea juu ya stendi?

Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu hudhani kwamba stendi ikitulia kama mafiga basi kamera haijahama. Sivyo. Stendi imetulia, lakini kamera inazunguka juu ya parafujo iliyo chini ya tumbo lake, na lenzi imetokeza mbele. Ukizungusha, lenzi huzunguka kama ncha ya mkono wa saa. Kwa hiyo kila picha inapigwa kutoka mahali papya.

Ndani ya lenzi kuna mahali ambapo miale yote ya mwanga huonekana kupitia. Ukichungulia lenzi kutoka mbele utaona tundu jeusi, kama mboni ya jicho. Nitapaita mboni ya lenzi. Mboni hiyo ikikaa juu kabisa ya mhimili wa kuzungukia, hakuna paralaksi. Ikiwa mbele ya mhimili au nyuma yake, paralaksi ipo.

Tufanye hesabu. Mboni ya lenzi niliyotumia ilikuwa kama sentimita 8 mbele ya parafujo. Nikizungusha kamera digrii 30, mboni inahama kama sentimita 4. Chuma kilichokuwa mita 2 kutoka kwangu kinahama digrii 1.2 hivi mbele ya mlima. Mwezi mpevu angani una upana wa nusu digrii, basi chuma kilihama zaidi ya miezi miwili! Lakini mlima uko zaidi ya kilomita 50 kutoka Tetu. Sentimita 4 kwa umbali huo si kitu. Ndiyo maana mlima ulikaa sawa na chuma kikawa viwili. Kompyuta ilipounganisha milima, vyuma vilikataa kuungana.

Dawa yake

Mjomba aliniongezea wiki moja. Fundi seremala jirani alinitolea kibao chembamba chenye mfereji katikati, ili kamera iweze kusogezwa nyuma na mbele. Parafujo ya stendi ni ya robo inchi, hata katika maduka ya vifaa vya ujenzi zinapatikana. Kisha nikafuata hatua hizi:

1. Sawazisha stendi kwa pimamaji ya mwashi. Kama huna, tumia chupa iliyojaa maji nusu, uilaze na kuangalia uso wa maji. Stendi ikiinama, upeo wa macho utapanda kama barabara ya mlimani.

2. Laza kamera, usiisimamishe. Ukiisimamisha, lenzi hutoka kando ya mhimili na utahitaji kibao cha pili cha kuirudisha katikati.

3. Simika kijiti mita moja mbele ya kamera. Tafuta kitu cha pili cha mbali kilichosimama wima, kwa mfano nguzo ya umeme. Panga kamera hadi kijiti na nguzo viwe mstari mmoja.

4. Zungusha kamera kulia na utazame. Kijiti kikihamia kushoto kwa nguzo, mboni iko mbele mno, vuta kamera nyuma. Kijiti kikihamia kulia, mboni iko nyuma mno, sukuma kamera mbele. Rudia polepole mpaka kijiti na nguzo viwe vinabaki pamoja, uzungushe kulia au kushoto.

5. Weka alama ya kalamu kwenye kibao. Usiguse tena kipimo cha kuvuta karibu, kwa sababu ukivuta mboni nayo inahama na kazi yote inaanza upya.

6. Funga mwanga na shabaha, yaani usiiachie kamera ijichagulie yenyewe. Asubuhi upande wa Kirinyaga huwa na mwanga mkali kuliko Nyandarua. Kamera ikijichagulia, picha moja itakuwa nyeupe na nyingine nyeusi.

7. Piga haraka, kila picha ikiingia ndani ya mwenzake kwa theluthi moja au zaidi. Mimi nilibandika protrakta ya karatasi chini ya kibao, nikazungusha digrii 30 kila mara, picha saba zikatosha nusu ya duara. Haraka hiyo ni kwa sababu ya mawingu. Mlima wetu ni mwenye haya, jua likipanda kidogo unajifunika shuka.

Na asiye na stendi je?

Wengi wetu tuna simu ya mzazi tu. Kosa letu ni kunyoosha mikono na kuzunguka na simu kama mtu anayecheza mwomboko. Mkono wa sentimita 60 ukizunguka digrii 30 hubeba simu sentimita 31 hivi! Hapo hata mti wa mita 20 unaweza kukatika. Dawa ni kufanya wewe uizunguke simu, sio simu ikuzunguke wewe. Funga uzi chini ya lenzi, uning'inize kijiwe kama timazi ya fundi, weka alama chini, na uhakikishe kijiwe kinabaki juu ya alama hiyo kila picha. Na kama huwezi hata hilo, basi tafuta mahali ambapo hakuna kitu cha karibu. Mlima peke yake hauna shida.

Paralaksi si adui siku zote

Msije mkaichukia paralaksi. Mwaka 1934 Wajerumani Carl Troll na Karl Wien walipanda Mlima Kenya wakachora ramani ya barafu ya Lewis kwa kutumia picha. Wao waliitaka paralaksi. Walipiga picha kutoka mahali mbalimbali palipopimwa, kisha kutokana na jinsi miamba ilivyohama kati ya picha na picha wakapata umbali na urefu. Ramani hiyo iliwawezesha wataalamu waliofuata kupima jinsi barafu hiyo ilivyopungua. Kwa mpima ardhi, paralaksi ni rula. Kwa mpiga picha pana, ni mwizi wa kuangaliwa.

Mwisho wa kisa

Jumamosi iliyofuata niliamka saa kumi na moja alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mahali pale pale, mita mbili kutoka kwa chuma. Sikutaka kukikimbia. Kama ningehama, baba mdogo angesema nimeficha kitu. Nilipiga picha zangu saba, na jioni nikarudi na karatasi ndefu iliyokunjwa.

Chuma kilikuwa kimoja. Itoka zilikuwa mstari mmoja. Baba mdogo aliitazama kwa muda mrefu, akatoa ile ya kwanza, akazilinganisha. Nikamweleza kwa kidole gumba kama nilivyowaeleza ninyi. Alifumba jicho hili, akafumba lile, halafu akasema, "Kumbe ni kamera iliyohama, sio chuma." Baba mkubwa akamjibu, "Tumwachie mpima ardhi na ramani yake. Picha ni ya mama." Na kweli, mpima alipokuja Agosti hakuuliza picha yoyote.

Leo shamba lina seng'enge mbili. Picha iko sebuleni juu ya redio. Cucu huwaonyesha wageni zizi, majani chai na mlima, lakini chuma hajawahi kukionyesha mtu.

Wenzangu, msiseme tena kwamba kamera haidanganyi. Kabla hamjagombana juu ya mlichokiona, ulizaneni kwanza mlikuwa mmesimama wapi.

Ni mimi mwenzenu,
Mwanachama, Kidato cha Tatu