RUNDO NA UPEPO
Mitambo ya Kurundika na Kuzoa Shehena Bandarini

Shehena nyingi ziingiazo bandarini huwa zimefungwa katika magunia, masanduku au makontena. Lakini iko shehena nyingine isiyofungwa katika kitu chochote: makaa ya mawe, mawe ya chuma, mbolea, nafaka, chumvi na mchanga wenye madini. Shehena ya namna hii huitwa shehena ya kichele. Humwagwa ndani ya tumbo la meli kama ilivyo, na ifikapo bandarini humwagwa tena uwanjani ikawa rundo. Meli ya kadiri huweza kuchukua tani 50,000. Watu wenye makoleo hawawezi kuishusha shehena kama hiyo kwa muda unaofaa, wala kuipanga, wala kuitoa tena pale itakapotakiwa. Kwa ajili hiyo wahandisi wametengeneza mitambo ya aina mbili: mmoja wa kurundika na mmoja wa kuzoa. Yafaa kila akaaye pwani aijue kazi ya mitambo hii, kwa kuwa pwani ndiyo iombwayo kutoa uwanja wake.

Jaribio la kikapu cha mchanga

Mtu wa Kiwayu hana haja ya kusafiri mbali ili apate kuelewa jambo hili. Kisiwa chake, kilicho upande wa kaskazini wa visiwa vya Lamu, ni chembamba na kirefu, na mchanga haukosekani. Achukue kikapu cha mchanga mkavu uliochanganyika na vipande vya makombe, aumwage polepole mahali pamoja. Ataona mambo manne.

Jambo la kwanza, rundo halipandi wima kama ukuta. Likifika mteremko fulani, kila mchanga unaoongezwa huporomoka pembeni, na rundo hunenepa chini badala ya kurefuka tu. Kila kitu cha kichele kina mteremko wake wa asili. Wa makaa ya mawe ni karibu digrii 35 hadi 40.

Jambo la pili, vipande vikubwa vya makombe hubingirika mpaka chini, na mchanga laini hubaki katikati na juu. Vitu vilivyokuwa vimechanganyika ndani ya kikapu vimejitenga vyenyewe.

Jambo la tatu, mchanga uliotangulia umefunikwa na uliofuata. Mtu akianza kuchota juu, ule wa kwanza kuingia utakuwa wa mwisho kutoka.

Jambo la nne huonekana wakati wa kusi. Kikapu kikishikwa karibu na ardhi, mchanga hutua. Kikiinuliwa juu ya kichwa, mchanga laini huchukuliwa na upepo kabla haujafika chini.

Mambo hayo manne ndiyo msingi wa elimu ya uwanja wa kichele. Mitambo yote, hata ile mikubwa kuliko nyumba ya ghorofa, imebuniwa ili kuyatawala.

Hesabu ya rundo

Tuseme pana rundo la makaa lenye umbo la pia, na kimo chake ni mita 10. Kwa mteremko wa digrii 37, upana wa kitako chake utazidi kidogo mita 26, na ujazo wake utakuwa karibu mita 1,840 za ujazo. Mita moja ya ujazo ya makaa yaliyomwagwa ina uzito wa kilo 800 hivi. Basi rundo zima lina uzito wa karibu tani 1,500. Sasa rundo hilo likuzwe mpaka kimo cha mita 20. Upana wa kitako huongezeka mara 2 tu, lakini uzito huongezeka mara 8, ukafika karibu tani 12,000.

Hapo ndipo penye kishawishi cha mwenye uwanja. Ardhi ni ghali, na rundo refu hubeba shehena nyingi mahali padogo. Lakini rundo refu humwagiwa kutoka juu zaidi, hupigwa na upepo zaidi, na, kama itakavyoelezwa, huhifadhi joto zaidi.

Mtambo wa kurundika

Mtambo wa kurundika husimama juu ya magurudumu ya chuma, nao huenda na kurudi juu ya reli kando ya uwanja. Ukanda mpana wa mpira huleta shehena kutoka gatini, hupanda mgongoni mwa mtambo, na kuimwaga juu ya ukanda mwingine uliomo ndani ya mkono mrefu. Shehena huanguka kwenye ncha ya mkono huo. Mkono huweza kuinuliwa na kushushwa, na katika mitambo mingi huweza pia kugeuzwa kulia na kushoto.

Msimamizi mwema huanza kazi mkono ukiwa chini kabisa, kisha huuinua kidogo kidogo kadiri rundo linavyokua, ili shehena isianguke kutoka mbali. Ni lile jambo la nne la kikapu cha mchanga.

Ziko njia tatu zinazojulikana sana za kurundika. Ya kwanza ni kumwaga mahali pamoja mpaka rundo likamilike, kisha kusogea na kuanza jingine lililoegemea la kwanza. Njia hii ni nyepesi, lakini vipande vikubwa na unga hutengana sana. Ya pili ni kwenda na kurudi juu ya mgongo wa rundo kutoka mwisho mmoja hata mwingine, kila safari ikiacha tabaka jembamba juu ya lililotangulia. Ya tatu ni kupanga matuta membamba yaliyo sambamba, kama matuta ya viazi, kisha kumwaga mengine katika mabonde yaliyo kati yake. Hii ya tatu hupunguza sana kule kutengana, ila yahitaji mtambo wenye mkono uwezao kugeuka.

Mtambo wa kuzoa

Kuzoa ni kazi ngumu kuliko kurundika. Mtambo ujulikanao zaidi una gurudumu kubwa mwisho wa mkono wake, na pembezoni mwa gurudumu hilo mna makarai ya chuma yenye makali. Gurudumu likizunguka, kila karai huuma rundo, hujaa, hupanda juu na kumwaga shehena juu ya ukanda, nao ukanda huipeleka melini au kiwandani. Katika bandari za Australia zinazosafirisha mawe ya chuma, mitambo ya namna hii huweza kuzoa zaidi ya tani 10,000 kwa saa moja.

Mtambo wa pili ni wa daraja. Daraja la chuma hupita juu ya rundo kutoka upande mmoja hata wa pili. Jembe kubwa lenye meno huukwaruza uso wa rundo ili shehena iporomoke, na chini yake vibao vilivyofungwa kwenye mnyororo huikokota mpaka kwenye ukanda. Mtambo huu hukata rundo zima kwa upana wake. Faida yake itaonekana kwa mfano wa chapati: zikipangwa 10 moja juu ya nyingine, kisha kisu kikapita toka juu hata chini, kila kipande kitakuwa na sehemu ya chapati zote 10. Vivyo hivyo, rundo lililopangwa kwa matabaka membamba, likikatwa kwa upana, hutoa shehena iliyochanganyika sawasawa. Viwanda vya saruji huupenda mtambo huu, kwa kuwa tanuri haitaki chokaa nzuri leo na mbaya kesho.

Uko tena mtambo mmoja uwezao kurundika na kuzoa pia. Bei yake ni nafuu kuliko kununua miwili, lakini hauwezi kufanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Meli ikija kushusha wakati kiwanda kinataka kulishwa, mmoja wao hungoja.

Moto ndani ya rundo

Makaa ya mawe yana tabia isiyopatikana katika mchanga wala mawe ya chuma. Yakikaa hewani hunyonya oksijeni, na kwa kufanya hivyo hupata joto polepole. Rundo likiwa dogo, joto hutoka. Likiwa kubwa na lisiloshindiliwa, hewa huingia ya kutosha kuongeza joto, lakini haitoshi kulipoza. Baada ya majuma kadhaa makaa ya ndani huweza kuanza kuungua pasipo mtu yeyote kuyawasha, na moshi huonekana wakati moto umekwisha kuota mizizi.

Kinga yake ni utaratibu. Rundo hushindiliwa ili hewa isipite, kimo chake huwekewa mpaka, joto lake hupimwa mara kwa mara, na makaa yaliyotangulia kuingia hutolewa kwanza. Kwa hiyo mtambo wa kuzoa si chombo cha haraka tu. Ndio unaoweza kuzuia makaa yasikae mpaka yakazeeka mahali pamoja.

Vumbi nalo lina kinga zake: kunyunyizia maji, kufunika mikanda, kupanda miti au kujenga kizuizi upande utokako upepo, na iliyo bora zaidi, kuweka rundo lote ndani ya banda. Maji ya mvua yapitayo juu ya makaa hayafai kuachwa yateremke baharini. Huchimbiwa mifereji na mabwawa ya kuyatuliza na kuyasafisha. Mtambo wenyewe huwa na vishikizo vya kuufunga kwenye reli, ili upepo mkali usiusukume.

Habari ya Kwasasi

Elimu hii ilipata kuwagusa watu wa Lamu kwa karibu. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe, chenye uwezo wa megawati 1,050, huko Kwasasi katika bara ya Lamu, na makaa yaletwe kwa meli. Mnamo Septemba 2016 NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni. Shirika la Save Lamu pamoja na wenzake walikata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 baraza la taifa la kesi za mazingira liliifuta leseni hiyo. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: hawakupewa habari za kutosha wala nafasi ya kuzijibu. Mwaka 2025 mahakama ya mazingira na ardhi ya Malindi iliuthibitisha uamuzi huo.

Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Kwasasi, na kati yao ziko Pate na Ndau. Kusi huvuma kuelekea upande huo huo. Ni kweli kwamba vumbi zito huanguka karibu na rundo wala halisafiri siku nzima kama jahazi. Lakini pale linapoanguka ndipo penye mikoko, mikondo na vina vya samaki, na bahari haina kuta. Mwaka 2018, katika kesi ya bandari mpya ya Lamu, Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hukumu hiyo ilionyesha wazi kwamba bahari ni shamba la mvuvi, na mwenye kuliharibu hudaiwa.

Haifai kudhani kwamba shehena ya kichele ni adui wa pwani. Huko Likoni, Mombasa, mchanga wa madini uliochimbwa Kwale ulihifadhiwa ndani ya banda na kupelekwa melini kwa ukanda tangu mwaka 2014 mpaka machimbo yalipokwisha kazi mwishoni mwa 2024. Nafaka za kichele nazo, katika bandari ya Mombasa, hupita juu ya mikanda mpaka ndani ya maghala ya mnara. Kila shehena ina tabia yake, na kila tabia ina kinga yake.

Maswali ya kuuliza

Mitambo haichagui mahali. Watu ndio wachaguao. Mtambo bora uliowekwa mahali pabaya hurundika madhara kwa ustadi. Kwa hiyo siku atakapokuja mtu yeyote pwani na ramani ya uwanja wa kichele, wazee, wavuvi na vijana waliosoma wana maswali matano ya kumwuliza. Rundo litakuwa na kimo gani, na tani ngapi? Litafunikwa au litakaa wazi? Wakati wa kusi, na tena wakati wa kaskazi, upepo utapeleka vumbi wapi? Maji ya mvua yatakwenda wapi baada ya kupita juu ya rundo? Na makaa, kama ni makaa, yatakaa siku ngapi kabla ya kuzolewa, na nani atakayepima joto lake?

Mwenye nia njema na kazi iliyopangwa vyema atakuwa na majibu yaliyoandikwa, wala hatakasirika kuulizwa. Asiyekuwa nayo aombwe akayatafute kwanza, ndipo mkutano uendelee. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na mtu wa Kiwayu aliyekwisha kumwaga kikapu chake cha mchanga katika upepo anajua vema la kuuliza.