Daftari Lililobaki Tupu: Kugundua Makosa ya Kuandika Faili katika Lugha ya C

Tangu mwaka 2019 Tanzania imekuwa na masoko rasmi ya madini, ambamo wachimbaji wadogo huuza dhahabu yao. Katika biashara hiyo, gramu isiyoandikwa daftarini ni hasara ya mtu. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwanafunzi wa Nyahanga, mjini Kahama, ametunga programu ya kuandika mauzo ya siku katika faili. Kila mauzo yana mstari mmoja wa baiti 32. Mistari 50 imeandikwa, na kila mara amri ya fprintf imejibu 32, yaani herufi zote zimepokelewa. Jioni faili ni tupu: diski ilikuwa imejaa.

Je, fprintf ilisema uongo? La. Amri hiyo haipeleki maandishi moja kwa moja kwenye diski. Kwanza huyaweka katika bafa, sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta iliyotengwa kwa kazi hiyo. Ni kama karani atiaye stakabadhi kapuni, asiende bohari mpaka kapu lijae. Bafa aghalabu huchukua baiti 4,096 au zaidi. Mistari 50 ni baiti 1,600 tu. Kapu halikujaa, kwa hiyo safari ya kwanza ilifanyika wakati wa kufunga faili kwa fclose. Hapo ndipo diski ilipokataa na fclose ikajibu EOF, ishara ya kosa. Programu haikulisikiliza jibu hilo.

Njia iliyo sahihi ni hii:

int kosa = ferror(f);
if (fclose(f) != 0) kosa = 1;
if (kosa) {
    fprintf(stderr, "Mauzo hayakuandikwa\n");
    return 1;
}

Ferror hueleza kama kosa lilitokea katika safari zilizotangulia. Fclose hueleza habari za safari ya mwisho. Yote mawili yanahitajika, kwani fclose yaweza kufaulu ingawa safari ya katikati ilishindwa.

Hata hivyo, fclose ikifaulu, maandishi yamekabidhiwa mfumo endeshi tu. Umeme ukikatika wakati huo, yaweza kupotea. Palipo na mfumo wa jamii ya Unix, programu huita fflush, kisha fsync, ndipo ifunge faili. Na jibu la kila amri hukaguliwa.

Zoezi. Katika Linux kuna faili maalumu liitwalo /dev/full, ambalo hukataa kila maandishi kana kwamba diski imejaa. Mwanafunzi aandike humo mstari mmoja, kisha achapishe majibu ya fprintf na fclose. Aeleze kwa nini la kwanza ni jema na la pili ni baya. Halafu aongeze mistari hadi 200, na atafute ni katika mstari wa ngapi fprintf inaanza kulalamika.